Jina Ubavuni mwa Penseli



Kila mwaka, majuma machache kabla ya watoto kurudi masomoni, wazazi hufanya hesabu ile ile: nguo, viatu, madaftari, na mwisho kabisa kalamu. Kalamu huja mwisho kwa kuwa bei yake ni ndogo, nasi huinunua pasipo kuitazama. Mwuzaji hutia mkono sandukuni, hutoa tatu au nne, twalipa, twakwenda zetu. Kama ingekuwa nguo, tungeivuta huku na huku tujue nguvu zake. Kama angekuwa kuku, tungempima uzito mikononi. Kalamu peke yake twaipokea kama tumefumba macho.

Halafu siku za masomo zafika. Mtoto achonga penseli yake, ncha yakatika. Aichonga tena, yakatika tena. Kabla ya saa sita ya mchana penseli imebaki nusu, na ukurasa una maneno machache yaliyokwaruzwa kwaruzwa. Mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake hana nafasi ya kuuliza habari za kila penseli. Huona ukurasa mchafu, huandika alama ndogo. Na mtoto, hasa yule mdogo asiyejua bado kulaumu kitu, hudhani kwamba mkono wake mwenyewe ndio mbaya. Sisi tunaofundisha twajua jinsi ilivyo vigumu kuing'oa fikira hiyo ikisha kuota mizizi. Kwa sababu hiyo juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya penseli na kalamu: nani huzitengeneza, hutengenezwaje, na jina lililopigwa ubavuni mwake lina maana gani.

Kwanza tusahihishe neno moja la lugha yetu. Wazee wetu waliiita penseli "kalamu ya risasi", na wengi twaiita hivyo hata leo. Wengine hapa Kongo husema "kreyo", kwa kuwafuata Wafaransa. Lakini ndani ya penseli hamna risasi hata chembe. Kosa hilo si letu, limetoka Uingereza. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, bonde la milima kaskazini ya nchi hiyo, walivumbua madini meusi, laini, yenye kutia alama popote yanapogusa. Yasimuliwa kwamba wachungaji waliyatumia kuwatia kondoo wao alama. Watu wakadhani kuwa ni namna ya risasi, wakayaita risasi nyeusi. Mwaka 1779 ndipo Carl Wilhelm Scheele, mtaalamu wa kemia wa Sweden, alipoonyesha kwamba madini hayo ni kaboni, ndugu wa makaa na wa almasi. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akayapa jina la grafiti, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Tanzania ya leo huyaita kinywe. Lakini jina la risasi lilikuwa limekwisha kusafiri dunia nzima, likatufikia hata sisi.

Grafiti ya Borrowdale ilikuwa safi kuliko zote. Iliweza kukatwa vijiti vyembamba kwa msumeno na kutiwa katika ubao bila kuchanganywa na kitu chochote. Thamani yake ikapanda hata wezi wakaanza kuinyemelea usiku, na mwaka 1752 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwaadhibu wezi hao kwa kazi ngumu au kwa kuhamishwa ng'ambo. Fikirini basi: kitu ambacho mtoto hukitafuna mdomoni akiwaza hesabu, zamani kililindwa karibu kama fedha.

Sasa vita ikaleta werevu. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza zilianza kupigana, na grafiti ya Kiingereza haikuwafikia Wafaransa tena. Maofisa, wahandisi na wachoraji wakakosa penseli. Mwaka 1794 Lazare Carnot, mmoja wa wakuu wa serikali, alimpa kazi hiyo Nicolas-Jacques Conté, mchoraji aliyekuwa pia fundi wa mambo mengi, ambaye alipoteza jicho la kushoto katika majaribio ya hewa ya kujazia maputo. Conté hakwenda kutafuta mlima mwingine kama ule wa Borrowdale. Alichukua grafiti hafifu, akaisaga iwe unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akaifinyanga iwe vijiti, akavichoma katika tanuru. Mwaka 1795 akapewa hati ya uvumbuzi wake.

Tazameni basi: dawa ya upungufu ilikuwa udongo, kitu ambacho mama zetu wafinyanzi hukichimba kando ya mto. Tena Conté aliona jambo ambalo grafiti safi isingeweza kumpa. Ukizidisha udongo, penseli huwa ngumu na mstari wake huwa mwembamba na hafifu. Ukipunguza udongo, huwa laini na nyeusi. Kwa hiyo twaona herufi ubavuni mwa penseli: H kwa iliyo ngumu, B kwa iliyo nyeusi, na HB kwa ile ya katikati inayofaa masomoni. Mchoraji aweza kuwa na penseli nyingi, kila moja na kazi yake. Penseli zote za leo za namna hiyo, zitoke Ujerumani, Japani au Brazil, ni watoto wa tanuru la Conté.

Hata hivyo, kujua namna ya kutengeneza si kusema kwamba kila mtu atatengeneza vema. Hapa ndipo jina linapoingia.

Karibu na mji wa Nürnberg, katika Ujerumani, mafundi walikuwa wakifanya penseli tangu zamani. Mmoja wao, Friedrich Staedtler, ametajwa katika maandishi ya mji ya mwaka 1662, na kampuni yenye jina hilo ingalipo. Katika kijiji cha Stein, jirani ya mji huo, seremala Kaspar Faber alianza kazi ya penseli mwaka 1761. Lakini baada ya Conté penseli za Wajerumani zilishuka heshima. Zilikuwa za bei ndogo, nao watu hawakuzitumaini. Mwaka 1839 kijana mmoja wa ukoo huo, Lothar Faber, mwenye umri wa miaka 22, alirithi kazi ya baba yake iliyokuwa imedhoofika.

Lothar angeweza kushusha bei kupita wenzake. Badala yake alifuata njia iliyo ngumu. Alizifanya penseli zake ziwe na urefu mmoja, unene mmoja na viwango vya ugumu visivyobadilika, ili mtu akinunua leo na mwaka ujao apate kitu kile kile. Kisha ubavuni mwa kila penseli alipiga jina: A. W. Faber, ndilo jina la babu yake Anton Wilhelm. Machimbo ya Borrowdale yalipokuwa yakiishiwa, alifanya mapatano mwaka 1856 ili apate grafiti ya Siberia, ambayo Mfaransa Jean-Pierre Alibert alikuwa ameivumbua mbali kabisa katika milima ya huko. Wala hakuwasahau wafanyakazi: mwaka 1844 kiwanda kilikuwa na mfuko wa kuwasaidia walio wagonjwa, na mwaka 1851 Stein ilipata shule ya watoto wadogo.

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Penseli za Faber zikajiuza Ulaya na Marekani. Lakini jina jema lina adui wake, naye ni mwizi wa jina. Watu wakaanza kupiga neno Faber ubavuni mwa penseli ambazo Faber hakuzifanya kamwe. Mwizi wa mbuzi huondoka na mbuzi. Mwizi wa jina hukuachia aibu mlangoni, kwa kuwa mnunuzi aliyedanganywa hukulaumu wewe. Mwaka 1874 Lothar alipeleka ombi katika Bunge la Ujerumani ili chapa za mafundi zilindwe kwa sheria. Sheria ikatungwa mwaka ule ule, ikaanza kufanya kazi mwaka 1875. Hivyo mtu wa penseli alisaidia kuwalinda watengenezaji wa kila namna, wa visu, wa sabuni, wa nguo.

Habari kama hiyo ilitukia Japani pia. Masaki Niroku aliona penseli katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1878, akarudi kwao, akajifunza kwa miaka mingi, na mwaka 1887 akafungua kiwanda chake katika Tokyo. Chapa yake ya almasi tatu iliandikishwa mwaka 1903. Wengi wenu mmeiona chapa hiyo katika magari ya Mitsubishi, nanyi mwaweza kudhani kwamba penseli ni mtoto wa gari. Sivyo. Kampuni ya penseli ni nyingine kabisa, na iliandikisha almasi zake kabla ya kampuni ile kubwa.

Sasa tuje kwenye kalamu ambayo kila mtu wa Kongo anayo mfukoni, ile tunayoiita biki. Wangapi wetu twajua kwamba tukisema "niazime biki" twalitaja jina la mtu? László Bíró, mwandishi wa magazeti wa Hungaria, alipata mwaka 1938 hati ya kalamu yenye kijipira mdomoni, kinachozunguka na kuchukua wino mzito unaokauka upesi. Baadaye alihamia Argentina. Lakini kalamu za kwanza za namna hiyo zilivuja, tena zilikuwa ghali. Marcel Bich, aliyezaliwa Turin mwaka 1914, alikuwa ameanza mwaka 1945 pamoja na mwenzake Édouard Buffard kutengeneza vipande vya kalamu huko Clichy, karibu na Paris. Alinunua haki ya uvumbuzi wa Bíró, akatafuta mashini za Uswisi zinazokata chuma kwa usahihi mkubwa, na mwezi wa Desemba 1950 akatoa kalamu ya plastiki inayoonyesha wino ndani. Akaiita jina lake mwenyewe, akiondoa herufi H ya mwisho ili wageni wasilitamke vibaya. Kufika mwaka 2006 zilikuwa zimeuzwa bilioni 100.

Serikali ya Ufaransa yenyewe ilichelewa kuikubali: mwaka 1965 ndipo ilipoiruhusu katika shule zake. Na mwaka 1979 kampuni ya Bic ilinunua kiwanda chenye jina la Conté. Hivyo mtu wa biki alirithi nyumba ya mtu wa penseli.

Huenda msomaji akauliza: na sisi Waafrika tumo wapi katika habari hii? Tumo, tena tangu zamani. Kuna mti uotao katika milima ya Kenya na Tanzania uitwao mtarakwa. Ubao wake hunukia vizuri na huchongeka bila kupasuka, na kwa sababu hiyo Wazungu waliuita mti wa penseli. Wajerumani walipotawala Tanganyika waliukata katika misitu ya Shume, huko Usambara, wakaishusha mbao milimani kwa kamba za chuma mpaka Mkumbara penye reli. Kenya nayo ilipeleka Ulaya mbao nyembamba za mtarakwa kwa viwanda vya penseli. Madagaska imechimba grafiti kwa zaidi ya miaka 100, na siku hizi Msumbiji na Tanzania zina machimbo yake.

Na Kongo yetu? Kijipira kilicho mdomoni mwa biki si cha chuma cha kawaida. Hufanywa kwa unga mgumu wa madini ya wolframu, unaoshikamanishwa na kobalti. Na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu yake hutoka katika ardhi ya Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi. Kwa hiyo si ajabu mwanafunzi wa Lubumbashi aandikapo insha yake awe anazungusha chini ya vidole vyake chembe iliyotoka jirani na nyumbani kwake, ikazunguka dunia, ikarudi na jina la Mfaransa.

Hatulisemi hili ili tulalamike. Twalisema ili tupime. Mti tulikuwa nao, grafiti tulikuwa nayo, kobalti tunayo, na udongo wa mfinyanzi uko kila mahali. Kinachopigwa jina ubavuni si mti wala udongo; ni uangalifu wa yule aliyekataa kuuza kilicho kibaya, leo na kesho na mwaka kesho kutwa. Uangalifu huo hauchimbwi mahali popote. Hufunzwa polepole, nao waweza kuanza popote. Nairobi, kwa mfano, kalamu za Bic zimetengenezwa kwa miaka mingi na mikono ya Wakenya katika kiwanda cha Haco, ambacho kampuni yenyewe ilikichukua mwaka 2019. Mikono iko tayari. Kilichobaki ni fundi wa kwetu kuthubutu kuweka jina lake na kulilinda.

Basi, wazazi wapenzi, mtakapokwenda sokoni, fanyeni haya machache.

Itazameni penseli kwenye kichwa chake. Penseli ni vibao viwili vilivyogundishwa, na katikati kijiti cheusi. Kijiti kikiwa katikati sawasawa, vema. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, ubao utachongwa vibaya na ncha itakatika. Tazameni kama nyuzi za ubao zimenyooka. Someni jina: limepigwa wazi, au herufi moja imebadilishwa ili lifanane na jina jingine? Mwombeni mwuzaji karatasi, mwandike mstari mmoja. Penseli inayokwaruza sokoni itakwaruza hata masomoni. Msitupe penseli chini, wala msiwaache watoto kuzitupa, kwani kijiti huvunjika ndani bila kuonekana, na hata penseli njema hugeuka mbaya.

Kwa kuwa watoto hutafuna, jueni pia kwamba grafiti na udongo havina sumu ya risasi. Rangi ya nje ndiyo ya kuangaliwa. Mtengenezaji asiyetaka kujulikana jina, nani atadhamini rangi yake?

Kwa biki, tazameni kifuniko. Tangu mwaka 1991 kampuni ya Bic imetoboa tundu katika ncha ya kifuniko, ili mtoto akikimeza kikamkwama kooni, hewa kidogo ipite mpaka asaidiwe. Wengi huliona tundu lile, wasijue kazi yake. Kifuniko kisicho na tundu msimpe mtoto mdogo, hata kikiwa na jina gani.

Wala msifikiri kwamba twawaambia kununua kilicho ghali. Jina kubwa laweza kuwa bandia, na penseli ya bei ndogo yaweza kuwa njema. Twawaambia kutazama tu. Penseli moja inayoandika muhula mzima ni rahisi kuliko nne zinazokwisha katika juma moja, na franka za mzazi hazikuokotwa njiani.

Nanyi wanafunzi, kila siku mwalimu huwaagiza kuandika jina juu ya ukurasa kabla ya kazi. Mnalifanya upesi, kama desturi tu. Mtakapoliandika juma hili, mkumbuke penseli iliyo mkononi. Faber aliandika jina juu ya kitu alichokuwa tayari kukijibia mbele ya mtu yeyote, hata mbele ya mnunuzi asiyemjua katika nchi ya mbali. Aliyenakili kwa jirani akaandika jina lake juu, yeye na wale waliopiga jina la Faber katika penseli mbovu wamefanya kazi moja. Na aliyeandika mistari mitano tu, lakini yake mwenyewe, aweza kuliandika jina lake kwa herufi kubwa. Jina jema hung'aa gizani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya karatasi.